Marehemu wa Meza ya Pasi

Mwenzangu wa meza ya pasi tulimwita Marehemu, naye aliitika bila kinyongo. Tulikuwa chumba kimoja, tukinyoosha mashuka ya hoteli, mvuke umetujaa puani. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, mdomo wake hauna breki, na shuka alilolikunja yeye ungedhani limetoka dukani.

Jina hilo alilipata siku alipoanguka kazini. Alidondoka katikati ya kicheko, puu, mwili ukawa baridi. Tabibu wa zahanati ya jirani alikuja mbiombio, akamshika mkono, akamfunua jicho, akatikisa kichwa. Basi, ikawa msiba. Tulimfunika kwa shuka ambalo bado lilikuwa na joto la pasi, tukalia mpaka sauti zikakauka. Alikuja kupiga chafya akiwa ndani ya jeneza, ndugu wameshajipanga kulibeba. Shemeji yake, mwenye kifua kama kabati, alikimbia kwa kupitia dirishani.

Tulicheka mwaka mzima. Nilikuwa namwambia, "Marehemu, nisogezee shuka hilo," naye anajibu, "Chukua mwenyewe, mimi nimepumzika kwa amani."

Lakini siku moja, tukinywa chai nyumbani kwake, aliacha utani.

"Dada, mimi nilikuwa nasikia. Binti yangu ananiita, nashindwa hata kutikisa kidole. Nikasikia mtu anauliza misumari iko wapi."

Chai ilinishinda. Tangu msiba ule hakutaka hata kusikia neno daktari. Kwake hao walikuwa watu waliokaribia kumfukia akiwa mzima, na hofu hiyo haikumwachia usingizi. Akamkalisha binti yake chini, mbele yangu, akamwapisha.

"Nikianguka tena, nilaze kitandani kwangu. Usikubali mtu anitoe humu ndani. Kaa na mimi, ningoje. Nitarudi."

Binti alikuwa mtoto wa kutumwa akatumika, hajawahi kumjibu mama yake vibaya. Akasema, "Sawa, mama."

Sikupenda hata kidogo. Nilimwambia Marehemu anamtwisha mtoto mzigo usio wake. Akanicheka.

"Wewe hujafa bado, dada. Huwezi kujua."

Alianguka tena siku ya mapumziko, asubuhi, akifagia chumba. Binti alimlaza kitandani, akamfunika blanketi, akamshika mkono na kuanza kumsimulia umbea wa mtaani ili asiogope. Nilipopita mchana kuwasalimia, nilimkuta bado anaongea, midomo imemkauka. Nilimgusa mama shingoni. Alikuwa na uvuguvugu.

"Inuka, tumpeleke hospitali."

"Alinikataza, mama mdogo."

"Una akili wewe? Mama yako anakufa hapa!"

"Hata mara ile mlisema amekufa. Mkamtia kwenye jeneza."

Niligomba, nikabembeleza, nikatisha. Nilipojaribu kumwinua mgonjwa, binti yule mpole alinisukuma ukutani, kisha akaniomba radhi huku analia. Nikatoka kutafuta daktari wa kuja pale nyumbani, maana hilo angalau halikuwa kwenye kiapo. Lakini siku kama ile zahanati zimefungwa, na kila niliyemgongea alinielekeza kwa mwingine. Nilizunguka mpaka miguu ikavimba.

Daktari niliyempata alifika nami jua likizama. Alimpima, akampima tena kwa kuwa binti alimsihi, kisha akauliza ameanguka lini. Alipojibiwa, alianza kukusanya vifaa vyake polepole.

"Amefariki muda mfupi tu uliopita," alisema. "Mchana kutwa alikuwa hai. Angeletwa mapema, angetibika."

Nilimkasirikia Marehemu saa ile, Mungu anisamehe. Nilimkasirikia kwa uchungu wa kumpenda, na kwa kile alichomwachia mtoto wake.

Binti hakuturuhusu kuzika upesi. Alikaa kando ya maiti, mkono wake kifuani mwa mama yake, mpaka hakuna pua pale ndani iliyohitaji kuambiwa. Ndipo akainuka mwenyewe na kusema, "Mchukueni."

Makaburini shangazi zake walimsifu. Walisema ni wachache siku hizi wanaowatii wazazi namna hiyo. Alipokea pongezi zao kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, kisha akaja kusimama karibu yangu.

"Mama mdogo," alisema, "ningekuwa mtoto mkaidi, mama angekuwa hai."