Nilikata Mkondo, Nikamsingizia Manjit

Nimekosa, na hasira niliyo nayo sina mtu wa kumtupia. Mjinga ni mimi!

Mimi ni injinia. Kwa ofisi yetu ndogo mtaani Hurlingham tulikuwa tunachora chipu ya mashine ya kusisimua misuli ya watu waliopooza. Chipu inatoa mkondo wa umeme wa kiwango kisichobadilika. Unawaka, unazima, unawaka tena, na msuli unaitikia.

Mwenzangu, nimwite Manjit, alikuwa amechora njia ya pembeni. Mkondo usipoenda kwa mgonjwa unapitia huko, haukatwi hata kidogo. Nikaona huko ni kumaliza betri bure. Nikaifuta, nikaweka swichi ya kuukata kabisa.

"Wewe, usiukate," Manjit akaniambia. "Ukiwasha tena utaruka juu kwanza ndio utulie. Mgonjwa atapigwa."

"Nimeujaribu kwa kompyuta, hauruki."

"Kwa sababu unapima kwa hatua kubwa za muda, mruko unapita katikati bila kuonekana. Punguza hatua uone."

"Manjit, wacha kunifundisha kazi!"

Sikupunguza. Kiburi tu! Mchoro ukaenda kiwandani ng'ambo vile vile.

Chipu ziliporudi nilizipima harakaharaka, nikasema ziko sawa. Bosi akamleta babake, mzee aliyepooza mkono, awe wa kwanza. Nikawasha. Mzee alipiga nduru, mkono ukaruka, akaanguka na kiti. Akavunjika nyonga!

"Hii sehemu ya mkondo nani alichora?" bosi akafoka.

Jina la Manjit lilikuwa bado kwenye ukurasa wa mchoro ule. Nikasema, "Manjit." Ndiyo, nilisema! Na bosi naye hakuuliza swali la pili. Alimfuta kazi hapo hapo, mzee akiwa bado sakafuni.

Manjit alisimama mlangoni akanitazama. "Uliniambia niache kukufundisha. Haya, nimeacha."

Wiki tatu sikulala vizuri. Mwishowe nilimwambia bosi ukweli, akanifukuza, na alikuwa na haki. Alimpigia Manjit simu arudi. Manjit akakataa. Nilienda kwao Woodley kuomba msamaha, mamake akafungua mlango nusu.

"Hataki kukuona. Na mimi pia sitaki."

Sasa niko nyumbani mtaani Satellite, sina kazi, na yule mzee anatembea na fimbo.

Wewe unayesoma, mwenzako akikuambia pima tena, pima, hata kama humpendi! Na siku mambo yakiharibika, mtu aulize ni nani, taja jina lako. Lako, si la mtu mwingine!