Nyuki Aliyejua

Mtu akifungua chupa ya asali ya kwetu, ile nyeusi inayonukia moshi, mdomo wangu wa juu huanza kuwasha. Daktari hana jina la ugonjwa huo. Mimi ninalo: Mbumbuni, miaka ya sabini, nikiwa darasa la tatu.

Baba mdogo, Kimanzi, alikuwa anajiandaa kwenda kuposa, na kwetu Ukambani hatuendi kwa wakwe bila asali. Susu, yaani nyanya yangu, aliiweka kwenye kibuyu chini ya kitanda chake. Nilianza kwa kulamba ile iliyoganda shingoni mwa kibuyu. Kisha nikatia kidole. Wiki mbili baadaye kibuyu kilikuwa chepesi, nami nilikuwa mzito kwa dhambi.

Susu hakuwa ameshuku kitu. Alisema tu kama alivyosema siku zote, akionyesha mzinga uliokuwa nyuma ya ghala: "Nyuki ya hapa inajua watu. Ukiiba asali yake, itakutafuta."

Niliogopa sana. Lakini nilikuwa mtoto wa kufikiri, na huko ndiko shida zangu nyingi zilikotoka. Darasani kwetu aliyejua hesabu alikuwa mmoja, Mwende. Sisi wengine tulinakili. Basi hata mzingani lazima yuko mmoja anayejua, na wengine wanamfuata tu. Nikimwondoa huyo, nimepona.

Nyuki walikuja kunywa maji kwenye karai la kuku. Niliwakagua mmoja mmoja nikitafuta uso wenye akili. Kila niliyemshuku nilimfungia kwenye kiberiti kitupu, nikampeleka hadi mtoni na kumwachilia. "Enda kabisa," nilimwambia. Nikirudi, nilikuta karai limejaa vilevile. Siku ya tatu nilifungua kiberiti kidogo, nikasogeza mdomo na kumnong'oneza mshukiwa wa saba: "Ni wewe?"

Alinijibu.

Susu aliutazama ule mdomo uliovimba, akainama chini ya kitanda, akatikisa kibuyu. "Si nilikwambia?" akasema. "Imekujua."

Kimanzi alienda kuposa na nusu kibuyu, nami nikapelekwa nikajieleze kwa wakwe, mdomo ukiwa mbele. Niliona aibu ya kufa. Nilidhani nimemkosesha mke. Mama wa bibi harusi alicheka hadi akafuta machozi kwa leso, na posa ikakubaliwa.

Nimekuja kuelewa kosa langu nikiwa mtu mzima, nikifundisha sayansi. Hakukuwa na nyuki aliyejua. Huyu anajua harufu, yule anajua njia ya maji, na makundi yaliyokosea yalikufa njaa vizazi kwa vizazi, hadi yakabaki haya ambayo ukiyatazama kwa pamoja utasema yana akili. Wanaochunguza ubongo wanasema huenda hata vichwa vyetu viko hivyo: seli nyingi mno, hakuna hata moja inayojijua, na bado katika zogo lao anatokea mtu anayesema "mimi." Anatokeaje hasa, bado wanabishana.

Natamani ningempelekea Susu utetezi huo: kwamba hata ukizihoji seli zangu moja moja, hutapata iliyoiba asali. Lakini namjua. Angenisikiliza hadi mwisho, achukue kifimbo, aseme, "Sawa. Basi nitachapa zote pamoja."