Jembe Mkononi, Presha Juu

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tulipomaliza kuzibua mtaro hapa Kabeza, nesi aliweka meza kivulini atupime presha. Mbele yangu alikaa mzee jirani yetu, aliyekuwa amejigonga kidole cha mguu kwenye jiwe. Mkono mmoja aliutoa upimwe. Wa pili ulikuwa umekaza jembe, maana umuganda ukiisha majembe hubadilisha wamiliki.

Nesi akasoma, akakunja uso. "Mzee, presha yako iko juu sana."

Mke wake, aliyesimama kando, akashika kichwa. "Yesu wangu! Chumvi basi nyumbani!"

"Mama, ngoja kwanza. Mzee, weka hiyo jembe chini."

"Wataibeba."

"Misuli ikikaza hivyo, inapeleka habari kwa ubongo. Kidole chenye kuuma nacho kinapeleka yake. Ubongo unaambia moyo usukume kwa nguvu, presha inapanda. Weka chini, pumzika."

Akalilaza taratibu, kama anayelaza mtoto. Tukasubiri mpaka kidole kikaacha kuuma. Nesi akapima tena, akatabasamu. "Imeshuka. Iko sawa. Wiki ijayo urudi tuhakikishe."

"Basi chumvi imerudi," mke akasema.

Nilipogeuka, foleni nzima ilikuwa inalaza majembe kwenye nyasi. Nikalaza na langu.

Nilirudi nyumbani na presha nzuri na jembe la mtu. Mwenye nalo aje alichukue, ila asije amekunja ngumi.