Mtihani wa Kwenda Uganda

Shule ya bweni niliyosoma huko bara ilitufundisha kushona, kupika keki, kumwogesha mtoto mchanga na kupiga pasi kola ya shati bila kuikunja. Kiingereza tulisoma kwa bidii, na jiografia ya Uingereza pamoja na mito yake yote. Hesabu tuliishia kwenye vipimo vya ratili na galani, kwa sababu waliotupangia masomo waliona kuwa zinamtosha mwanamke wa nyumbani.

Kwa hiyo siku mwalimu mkuu, mama wa Kizungu, aliponiita ofisini na kuniambia kwamba chuo kikuu cha Uganda kinapokea wanawake, na kwamba ameniombea ruhusa ya kufanya mtihani wa kuingilia mwisho wa mwaka, furaha yangu haikufika mbali. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule yake Temeke, kijana bado. Nilishukuru, nikapiga goti kidogo, nikageuka kuondoka. Nilipofika mlangoni akaniuliza:

"Kuna karatasi ya aljebra. Uliwahi kusoma aljebra?"

"Hapana, madam."

"Basi ujifunze," akasema, akaendelea kusahihisha madaftari yake.

Nyumbani nilianza na baba. Alikuwa karani wa bandarini, mtu wa pwani hasa, mpole, asiyependa kupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama alikuwa akichambua mchele upande wa pili wa ukumbi, na nilijua anasikia kila kitu kwa jinsi mkono wake ulivyosimama juu ya ungo.

"Uganda ndiyo wapi?" akauliza.

"Ng'ambo ya ziwa, mama."

"Kwa hiyo unavuka maji."

"Kwa meli."

"Na hapa Temeke, binti wa nani amekwenda huko akarudi?"

Hakukuwa na hata mmoja, na yeye alijua.

"Mwache kwanza afanye mtihani wake," baba akasema. "Akishindwa, tutakuwa tumegombana bure."

Alisema kwa nia njema, ili kutuliza mambo. Lakini tangu siku ile nilielewa kwamba nikifeli nitaleta amani nyumbani, na nikifaulu nitaleta ugomvi. Nilisoma nikiwa na hofu mbili, na kila moja ilinivutia upande wake.

Ng'ambo ya barabara yetu kulikuwa na duka la familia ya Kihindi, Waislamu wa Shia, waliokuwa wakiuza nguo, mafuta ya taa, sukari na misumari. Binti yao alikuwa rika langu. Tulikuwa tumesalimiana miaka mingi bila kwenda zaidi ya hapo. Siku niliyokwenda kununua mafuta ya taa nilimkuta nyuma ya meza ya duka ameinama juu ya kitabu, na kwenye ukurasa nikaona herufi na namba zimechanganyika.

"Hiyo ndiyo aljebra?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Mimi nafanya mtihani ya Uganda."

Nilisahau mafuta. Nilimweleza kwamba hata mimi naufanya, na kwamba kitabu kile sikielewi hata kichwa chake. Alinitazama, kisha akacheka, akasema yeye naye ana tatizo. Shuleni kwao walisoma Kigujarati na Kiingereza, lakini kwa mtihani huu alikuwa amechagua karatasi ya Kiswahili, kwa kuwa alidhani ni lugha ya dukani tu. Sasa ameona maswali ya zamani na hana usingizi.

"Wewe fundisha mimi, mimi fundisha wewe," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila nilipotoka kazini nilipita nyumbani kusali alasiri, kisha nikavuka barabara. Tulikaa kwenye ua nyuma ya duka, juu ya magunia matupu, na bibi yake alikaa karibu yetu akichambua dengu. Yule bibi hakuzungumza nami zaidi ya kuitikia shikamoo yangu, lakini tulipokaa kimya muda mrefu aligonga sinia kwa kidole, kama kutukumbusha kazi.

Mwenzangu alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi. Alinipa hesabu ya baba mwenye umri mara tatu wa mwanawe, ambaye baada ya miaka kumi na miwili atakuwa mara mbili.

"Si wamuulize tu huyo baba ana miaka mingapi?" nikasema.

"Baba amekufa," akajibu. "Fanya hesabu."

Nami nilifanya. Nilipopata jibu langu la kwanza, mtoto kumi na mbili na baba thelathini na sita, nilihisi moto masikioni kwa furaha. Halafu wiki iliyofuata tukaingia kwenye zile ambazo herufi inazidishwa kwa yenyewe, na zenye majibu mawili yote ya kweli, na furaha ikaniishia. Sikuweza kukubali kwamba swali moja lina majibu mawili. Nilimwuliza nitaandika lipi. Alisema yote mawili. Nilirudi nyumbani na kichwa kinaniuma.

Mimi nilimfundisha kwa namna ya ajabu. Akisema "kitabu yangu" nilimwambia ni "kitabu changu". Akiuliza kwa nini, nilisema ndivyo inavyosemwa. "Lakini kwa nini?" akang'ang'ania. Sikujua. Kwa hiyo akajitengenezea kanuni mwenyewe, akachora mistari, akapanga maneno kwa makundi kama anavyopanga vitambaa dukani, na kila alipogundua jambo alinisomea. Mie nilikuwa nikiitikia tu kwamba ni kweli, nikiwa nataka turudi haraka kwenye herufi zangu.

Mfunguo Nne, yaani Muharamu, ulipoandama, mtihani ulikuwa umekaribia. Nilivuka barabara kama kawaida nikakuta duka limefungwa. Kwa Mashia hizo ndizo siku za maombolezo ya Imamu Huseni, nami nilijua hivyo tangu utotoni, ila sikuwa nimepiga hesabu ya miezi. Mwenzangu alivaa nyeusi, na kila siku walikuwa na kisomo, leo mjini, kesho nyumbani kwa jamaa. Nilibaki peke yangu na zile hesabu zenye majibu mawili. Nilikaa nazo barazani mpaka adhana ya magharibi. Chakula kilinishinda. Mama aliniwekea uji na kuuondoa, na nilijua anajizuia kusema.

Siku moja nilishindwa kabisa. Nilijifunga kanga, nikaweka karatasi yangu kifuani, nikavuka. Mlango wa ua ulikuwa wazi. Ndani walikuwa wanawake wengi wenye nguo nyeusi wamekaa chini, na mmoja wao alikuwa akisimulia kwa Kihindi, sauti ikipanda na kukatika. Bibi wa mwenzangu akaniona, akanipa nafasi karibu naye, na adabu haikuniruhusu kugeuka. Nikakaa.

Sikuelewa maneno, isipokuwa majina. Lakini msimulizi alipofikia mahali fulani wanawake wote walianza kulia, na mimi nilikuwa na kilio changu kilichokuwa kimesubiri siku nyingi. Nililia kwa aljebra. Nililia kwa meli nisiyoijua, kwa mama aliyeondoa uji, kwa darasa la pili ambalo huenda nitalirudia mpaka niwe kizee. Nililia mpaka mabega yakatikisika. Bibi akanishika mkono, akaushikilia mpaka kisomo kilipomalizika, kisha kwa mkono wake mwenyewe akanipa bilauri ya sharubati ya maziwa. Wanawake walinitazama kwa heshima kubwa. Niliona haya nisiyoweza kuieleza, na papo hapo kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame.

Mwenzangu alinifuata mlangoni penye viatu.

"Umelia kwa nini hasa?" akaninong'oneza.

Nikatoa karatasi kifuani. Aliitazama, akauma midomo asicheke siku ya msiba, akachuchumaa na kunionyesha kwa kidole kwenye vumbi, katikati ya makubadhi ya watu, wapi nilipokosea. Nilikuwa nimesahau alama ya kutoa. Ni hiyo tu.

Mtihani ulifanyika mjini, katika ukumbi wa shule moja. Tulikwenda pamoja, lakini mlangoni tukatenganishwa: Wahindi safu za upande wa dirisha, Waafrika upande wa pili. Upande wetu mwanamke nilikuwa peke yangu. Karatasi ya aljebra ilipogeuzwa, macho yangu yaliona wino tu kwa muda mrefu. Kalamu ilinitoka mkononi. Kijana wa mbele yangu aliiokota akaniwekea mezani bila kugeuka. Nikaanza na swali la mwisho kwa kuwa lilikuwa fupi. Lilikuwa na majibu mawili. Niliyaandika yote.

Karatasi ya Kiswahili ndiyo sikuiwazia hata kidogo. Niliifungua kama mtu anayeingia kwao. Waliuliza kazi ya silabi hii katika neno lile, na kwa nini jina fulani huchukua "la" badala ya "ya". Niliandika kwamba ndivyo inavyosemwa. Niliandika vingine pia, lakini kwa kweli jibu langu lilikuwa hilo. Nilipoinua macho, mwenzangu upande wa dirisha alikuwa akiandika bila kupumzika.

Baada ya muda mwalimu mkuu aliniambia kwamba nimeitwa kuhojiwa na wakubwa wa chuo waliokuwa wakipita Dar es Salaam. Walikuwa watatu: Wazungu wawili wanaume na mama mmoja mwenye miwani. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza.

"Hesabu zako si mbaya," mama mwenye miwani akasema. "Lakini umepata alama ndogo zaidi katika Kiswahili. Si ndiyo lugha yako?"

"Ndiyo."

"Basi utueleze."

Nilikuwa nimejifunza majibu mengi ya kupendeza, na yote yalitoweka. "Hesabu niliziogopa," nikasema, "kwa hiyo nilizisoma. Kiswahili sikukiogopa."

Mmoja wa wanaume alicheka. Mama hakucheka. Aliandika kitu.

"Na Uganda unaiogopa?"

"Sana."

"Vizuri," akasema, na hapo wakaniruhusu kutoka. Nilitembea mpaka Temeke kwa miguu, nikijiuliza njia nzima hiyo "vizuri" ilikuwa na maana gani.

Maana yake ilikuwa kwamba nimechukuliwa. Mwenzangu alichukuliwa vilevile, na Kiswahili chake kilikuwa cha juu kabisa. Mama alipopata habari aliingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka alianza kuhesabu kwa sauti vitu nitakavyohitaji: mswaki, blanketi, msala wa kusalia, pilipili, maana huko pengine hawajui kupika. Ugomvi nilioungoja haukuja. Baba alinipeleka stesheni na kunisomea dua huku akikwepa kunitazama usoni.

Treni nayo ilitutenganisha. Mwenzangu alikuwa behewa la daraja la pili na mjomba wake aliyekuwa akimsindikiza mpaka Mwanza, mimi daraja la tatu kati ya vikapu na watoto wa watu. Tulipofika Morogoro nilimwona akija mbio kwenye jukwaa, mtandio umemdondoka mabegani, akitazama dirisha moja baada ya jingine. Aliponipata alishika kingo za dirisha kwa mikono miwili.

"Hivi watatulaza chumba kimoja?" akauliza.

"Sijui."

Miezi yote ile alikuwa yeye anayenituliza. Sasa uso wake ulikuwa umepauka.

"Naogopa, shoga," akasema.

Nilimwomba mama aliyekaa mlangoni asogeze kikapu chake. Mwenzangu akapanda, akakaa kwenye nusu ya nafasi yangu, tukagawana andazi, na tulikaa hivyo mpaka mjomba wake alipoanza kumwita jukwaani.