Kasi Niliyoambiwa Nipunguze

Baba yangu alikuwa askari polisi. Tulipohama kambi ya Naguru kwenda Kyebando, jirani wa kwanza kunizoea alikuwa kijana Mkongo aliyekuwa akitengeneza kompyuta sebuleni kwao. Mimi nilihariri video za harusi kwa mashine niliyoiunganisha mwenyewe, nayo ilikwenda polepole mno. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisukuma: kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, kupandisha kasi ya prosesa hatua moja, kuongeza volti kidogo, kisha kuipima saa nzima tukisikiliza feni. Halafu memori, vile vipande viwili vya kumbukumbu, vivyo hivyo. Ilituchukua wiki tatu. Siku mashine iliposhika kasi bila kuzima, tulipiga kelele hadi mama akatoka jikoni. Tangu hapo nikamwita kaka.

Mwaka uliofuata baba alifariki. Tulikwenda kumzika Gulu, nikamwachia kaka ufunguo atuangalizie nyumba.

Niliporudi nilianza kuhariri video ya mazishi. Kompyuta ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Nikamwita.

“Dada, ulizidisha,” alisema, hata hakuigusa. “Memori imechoka. Punguza.”

Nikapunguza. Ikatulia siku mbili, kisha ikazima katikati ya kazi na kuharibu faili yenye maneno ya shangazi kaburini. Nakala nyingine sikuwa nayo. Nililia mbele yake, nikisema tamaa yangu ya kasi ndiyo iliyoipoteza sauti ile. Akanipa leso. “Pole. Punguza tena kidogo.”

Asubuhi moja nilichoka kupunguza, nikarudisha mipangilio yote ya mwanzo. Ukurasa ukaonyesha kasi ambayo memori ile ilitengenezewa: ilikuwa chini sana kuliko ya memori niliyonunua. Nikafungua kasha. Vipande viwili vyeusi kama vyangu, lakini kibandiko kilikuwa kingine.

Nilikwenda kwao bila hata kubadilisha kandambili. Kompyuta yake ilikuwa wazi mezani kama kawaida, na ndani yake nikaviona vipande vyangu viwili, kimoja kikiwa na mkwaruzo niliokitia kwa bisibisi.

“Nilipata kazi ya haraka,” akasema. “Nilitaka kurudisha, dada. Kweli.”

“Nililia mbele yako. Ukaniambia nipunguze.”

Nilivichomoa vyote viwili kwa mkono wangu, vikiwa bado na joto, nikaondoka.

Nilimwomba shangazi arudie maneno yake kwenye simu. Alijaribu, akakwama katikati, akasema tuache.

Siku hizi naipandisha mashine kasi peke yangu, na haizimi. Mama hajui lolote. Kila Jumapili huuliza mbona kaka haji tena kula, nami humwambia ana kazi nyingi.