Mama Kanda na Mashine Aliyoiunga Mwenyewe

Lifti ilikataa kupita ghorofa ya pili, kwa hiyo Mama Kanda akamalizia safari kwa ngazi, mkoba begani, daftari kwapani, magoti yakimlalamikia kwenye kila kidato. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amepita mbele ya jengo hili akienda kazini, na hakuwahi kuingia. Maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: panda mpaka juu, kisha fuata harufu.

Harufu ilikuwepo kweli. Ni ile ya risasi ya kuungia nyaya inayoyeyuka kwenye ncha ya chuma cha moto, na aliyetembea dunia ataijua popote atakapotua, maana kila mji mkubwa una jengo lake la namna hii: ukumbi mrefu usio na madirisha, vibanda vya vioo bega kwa bega, bodi za kijani za kompyuta zimeanikwa kwenye kamba kama nguo za watoto, na watu wenye bisibisi wakibishana kwa lugha tatu kwa mpigo mmoja. Mgeni hujulikana kwa mwendo. Mama Kanda alitembea kama mtu aliyeingia ukweni na viatu vyenye tope.

Jina la Mama Kanda alilipata enzi za kanda za video, alipokuwa akikata na kuunga sherehe za watu kwa mashine mbili na penseli ya kukazia kanda iliyolegea. Kanda zilikufa, jina likabaki. Kazi ile ile aliendelea nayo kwenye kompyuta za studio moja ya mjini, akiwa na kiti chake pembeni ya dirisha, lakini mashine hazikuwa zake, wala jina lililoandikwa mwisho wa filamu halikuwa lake. Majuma mawili yaliyopita aliaga. Bosi hakukasirika. Alicheka tu.

"Nenda, mama. Kiti chako nitakiacha pale pale mpaka mwisho wa mwezi. Utarudi ukikute cha moto."

Maneno hayo yalimkaa kama mwiba wa samaki. Kazi ya kwanza aliyoipata kwa jina lake ilikuwa filamu ya mahafali ya chuo cha wauguzi, ya kuonyeshwa mbele ya wageni Ijumaa adhuhuri. Ikipendeza, kazi zote za chuo kwa mwaka mzima ni zake. Isipofika, kiti cha dirishani kinamsubiri. Na leo ilikuwa Jumatatu, naye hakuwa na mashine hata moja.

Alisimama kwenye kibanda cha mwanamke mnene mwenye miwani jozi mbili, moja machoni, nyingine kichwani.

"Karibu mama. Unataka kompyuta iliyo tayari au vipande uunde mwenyewe?"

"Hivyo vipande ndivyo vilivyonipandisha ngazi, mwanangu. Shemeji yangu anauza zilizo tayari. Anasema kufika nyumbani ni kuchomeka tu."

"Hajakudanganya. Kwa nini hukuchukua?"

"Nilipeleka picha zangu za video dukani kwake tukajaribu. Wauguzi wangu wanatembea kwa kushtukashtuka kama kuku. Nikamwambia, basi tuifungue tuiongezee nguvu. Akashika kichwa! Eti imebandikwa muhuri, ukiufungua tu dhamana imekufa."

Muuzaji alicheka mpaka miwani ya kichwani ikashuka kukutana na mwenzake.

"Sikiliza, mama. Iliyo tayari ni chumba cha kupanga. Unaingia leo, unalala leo, lakini msumari hugongi bila ruhusa. Ya kuunda ni kiwanja chako. Utajenga utakavyo, ila tope utalikanyaga mwenyewe."

"Na ikigoma?"

"Ikigoma, fundi ni wewe."

Mama Kanda alizitazama zile bodi kwenye kamba. Miaka kumi na minane alikuwa mpangaji.

"Nipe kiwanja," akasema.

Muuzaji akamchagulia kipande kimoja kimoja, akamwandikia kwenye daftari hatua zote tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili. Mama Kanda alishuka ngazi amekumbatia maboksi hadi kidevuni.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na minane mwenye sheria moja isiyovunjwa: kitu kipya hakivuliwi nailoni. Makochi ya sebuleni yalikuwa na nailoni yake ya dukani, mwaka wa kumi na moja huu. Rimoti ilikuwa na nailoni. Mlango wa friji ulikuwa na nailoni iliyogeuka rangi ya chai. Saa ya ukutani ilionekana kama inaishi ndani ya maji.

"Kitu kipya ukikivua nguo," mama huyo alipenda kusema, "kinazeeka siku hiyo hiyo."

Jumanne asubuhi meza ya kulia chakula ikawa karakana. Mama Kanda alifunua daftari na kuanza. Mama yake alivuta kiti akakaa karibu, si kusaidia, bali kusimamia.

"Hilo kasha lina kioo kizuri. Hiyo nailoni ya kioo usiiguse!"

"Siigusi, mama."

"Na ya huo mgongo wa chuma?"

"Nayo naiacha."

Kwa hiyo kila kilichokuja na nailoni kilibaki na nailoni yake. Bodi ikaingia kwenye kasha, skrubu tisa. Prosesa, kile kijibamba cha ukubwa wa stempu ambacho ndicho akili ya mashine, ikakaa mahali pake bila kulazimishwa. Kwa kuwa hupata joto upesi, juu yake hukandamizwa bamba la shaba lenye feni, la kulinyonya joto hilo na kulipeperusha. Mama Kanda alipaka ile dawa nyeupe ya kupitishia joto, kidogo tu kama ya kusugulia meno, akabana bamba lake sawasawa. Nyaya alizipanga kwa mkono wa mtu aliyekwisha kufumua mafundo ya kanda elfu. Mwisho akaingia chini ya meza kutafuta tundu la umeme.

"Mtaka cha mvunguni," mama yake akasema kutoka juu.

"Nimekwisha inama, mama! Wewe bonyeza."

Taa zikawaka. Feni zikaanza kuvuma. Mama mtu akapiga kigelegele ambacho jirani alidhani ni cha posa.

Furaha ilidumu dakika nne. Kisha mashine ikazima, tii, kama mtu aliyeghairi.

Wakaiwasha tena. Kwenye skrini likatokea onyo: joto limepita kiasi. Dakika nne, ikazima. Jioni ile na kesho yake asubuhi mchezo ukawa huo huo. Mama Kanda alikagua kila hatua ya daftari, akarudia skrubu zote tisa, akaelekeza feni ya chumbani kwenye kasha. Wapi! Alipoweka kiganja penye feni ya prosesa, jambo likamshangaza: hewa iliyotoka ilikuwa baridi. Aligusa shaba pembeni. Baridi. Mashine inakufa kwa joto, na mpoozaji wake hana habari.

Akampigia simu muuzaji.

"Feni inazunguka, mama?"

"Inazunguka."

"Dawa umepaka?"

"Nimepaka."

"Basi huenda prosesa ni mbovu. Nitakubadilishia bila neno. Ila mimi nimesafiri kumuuguza baba, kibanda nitafungua Jumatatu."

Jumatatu. Wageni wa chuo wangekuwa wamekwisha sahau walikaa viti gani.

Saa nane mchana wa Jumatano hiyo shemeji akabisha hodi. Ni mume wa dada yake, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, na mkononi alikuwa na boksi jipya lililong'aa.

"Shemeji! Nasikia umejenga nyumba inayozima taa yenyewe wageni wakishakaa."

"Umetumwa au umejituma?"

"Mke mwenzio mdogo kanituma," akasema, akimaanisha mkewe mwenyewe, kwa utani wao wa siku zote. "Mchagua nazi, shemeji, mwisho hupata koroma. Hii hapa. Ipo tayari, imefungwa, ina dhamana ya miaka miwili. Nakuachia mpaka Ijumaa asubuhi. Ukiukata huu muhuri wa boksi, ni yako. Usipoukata, nitaipitia. Sikudai hata asante."

"Wauguzi watashtukashtuka."

"Bora muuguzi anayeshtuka kuliko asiyekuja kabisa."

Hapo alisema kweli, na Mama Kanda alilijua hilo. Filamu nzima ilikuwa tayari kwenye daftari lake. Tangu enzi za kanda hukata kwa kalamu kabla ya kukata kwa mashine, kila picha na sekunde zake, kwa sababu zamani ukikosea mkato kanda ndiyo imekwisha. Kilichobaki ni kuunganisha tu. Mashine dhaifu ya leo ingeshinda mashine nzuri ya Jumatatu. Alichukua mkasi. Akaketi kwenye kochi, boksi magotini, akatafuta ulipo ule muhuri.

Jua la saa nane lilikuwa limejaa sebuleni. Shemeji alikunywa maji, akajipepea kwa bahasha. Mama Kanda alisogeza ncha ya mkasi, akasita, akasema, "Ngoja kwanza nifute jasho."

Akainuka. Nailoni ya kochi ikainuka naye. Ilikuwa imegandamana na mapaja na mgongo wa gauni, ikaachia kwa sauti ndefu, *praaaa*, kama kitambaa kinachopasuliwa.

"Jamani!" shemeji akaruka. "Hili kochi litamuua mtu. Linapika! Mama, hii nailoni haipitishi pumzi wala joto, mtu anaiva huku kitambaa chini kimetulia na baridi yake."

Mama Kanda alisimama katikati ya sebule, mkasi mkononi, mdomo wazi.

"Rudia ulichosema."

"Nimetania tu, shemeji."

"Rudia!"

"Nimesema… mtu anaiva juu, kochi chini limepoa."

Mkasi ukaanguka mezani. Bisibisi ikachukua nafasi yake. Skrubu nne za lile bamba zilitoka kwa kasi ambayo muuzaji mwenye miwani angelipia kiingilio kuiona. Akaligeuza bamba juu chini. Dawa nyeupe ilikuwepo, imepakwa vizuri, lakini chini ya dawa, juu ya shaba, kulikuwa na kitu chembamba kinachometameta, kimekunjamana kidogo kwa joto, na pembeni kuna kijisikio chenye maandishi madogo: *ondoa kabla ya kutumia*.

Mama Kanda akaliinua bamba kwenye mwanga.

"Mama," akasema taratibu, "hii nayo tuliiacha."

Mama yake alisogea, akavaa miwani, akachungulia. Akatazama friji yake. Akatazama saa yake ndani ya maji. Kisha akasema kwa sauti ya hakimu, "Hiyo haikuwa ya urembo?"

Shemeji alicheka hadi akakaa kwenye kochi, nailoni ikamshika naye. Mama Kanda alishika kile kijisikio kwa kucha mbili akavuta. Shaba ikatokea, nyekundu, safi, kama sarafu ya zamani iliyookotwa mtoni. Akafuta dawa ya awali, akapaka mpya, akabana.

Dakika nne zilipita. Dakika tano. Katika ya kumi, mama mtu, aliyekuwa akiikodolea macho ile saa, alisema kwamba ama saa imekufa ama mashine imepona. Mama Kanda akaweka kiganja penye feni. Hewa ilikuwa ya moto. Hakuwahi kufurahia joto namna ile tangu azaliwe.

"Kuvunja koleo," akasema.

"Si mwisho wa uhunzi," shemeji akamalizia, akalisogeza boksi lake pembeni kwa mguu.

Alhamisi Mama Kanda alifanya kazi tangu jua lilipochomoza. Akafuata daftari, mkato kwa mkato. Wauguzi walitembea kama watu, wakavaa kofia zao, mmoja akamkumbatia baba yake, na machozi yale yalishuka shavuni bila kukwama hata mara moja. Mwishoni, kwenye maandishi meupe, akaandika jina lake kamili, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Aliliandika, akalitazama, akalikuza kidogo. Kisha akalikuza tena.

Jioni alimtumia mkuu wa chuo dakika mbili za mwanzo. Jibu lilirudi kabla hajasimama: *Nimelia ofisini, nikakutwa na karani. Kesho njoo na filamu, uje na kalenda ya mwaka mzima tukae chini.*

Ijumaa asubuhi shemeji alikuja kuchukua boksi lake, muhuri mzima.

"Wewe ni hasara kwa biashara yangu," akasema. "Ukirudi utanifundisha kuunda, nami niuze viwanja."

"Ada utalipa kwa mkeo mdogo."

Mama Kanda alifunga diski kwenye leso, leso kwenye mkoba. Kabla ya kutoka alipiga simu moja, amesimama mlangoni.

"Bosi, shikamoo… Mzima kabisa. Nakupigia kuhusu kile kiti cha dirishani… Hapana, siji. Mpe mtu akikalie, kisipoe."

Akakata. Akavaa viatu. Shemeji akatangulia kuwasha gari.

"Mama, nakwenda. Ile mashine usiizime."

"Nani aizime? Nenda, mwanangu, nenda wakuone."

Mlango ukafungwa. Vishindo vyake vikashuka ngazi, upesi, bila magoti kulalamika, vikaungana na kelele za mtaa. Sebuleni feni iliendelea kuvuma na kupuliza hewa yake ya moto. Mama mtu aliweka kiganja penye feni, akakiondoa. Kisha akaokota mkasi mezani, akalizunguka kochi mara moja kama anayeliaga, akachagua kona ya nailoni, akakata.