Uji wa Saa Sita

Kwenye faili la mgonjwa kosa halifutwi. Ukiandika vibaya unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno, ili anayekuja baadaye aweze kusoma ulichokosea, kisha unaandika saa na kutia sahihi. Hakuna kukwangua kwa wembe wala kupaka rangi nyeupe. Kanuni hiyo niliijua kabla sijawa muuguzi, nikiwa bado mhudumu wa kudeki wodi. Niliisoma katika kitabu kilichong'oka jalada ambacho wanafunzi wa uuguzi walikisahau dirishani. Naanza nayo kwa sababu haya ninayoyaandika sasa hayakuwahi kuingia kwenye faili lolote.

Jina la hospitali silitaji. Ipo huku bondeni, na kosa lilikuwa langu, si lake.

Nilisoma kwa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka thelathini na mmoja, nimekaa dawati moja na watoto walioniamkia wakidhani mimi ni msimamizi. Uuguzi nikaupata baadaye. Kwa kuwa sikupita njia ya wenzangu, niliogopa siku zote kuonekana sijui, na dawa ya hofu hiyo ilikuwa daftari. Kila nilichojifunza kazini nilikiandika humo na kukipa namba: namna ya kugeuza mgonjwa asiyejiweza, namna ya kuongea na ndugu wakali, kila kitu. Vijana waliokuja kwenye mafunzo waliliazima kunakili. Nililionea fahari.

Kanuni ya kumi na moja ilisema hivi: "Mama asipewe taarifa ya kifo akiwa peke yake. Subiri mwanaume wa ukoo."

Sikuitunga hewani. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mwanamke mmoja kwamba mumewe amefariki. Alikuwa peke yake. Alikimbia nje, akaanguka kwenye ngazi za saruji na kuvunjika mkono. Lakini hata bila hilo, ndivyo tulivyozoea huku. Habari ya msiba haiendi kwa mama moja kwa moja. Anaitwa kaka au mjomba, anaambiwa pembeni, na yeye ndiye anayejua namna ya kuibeba. Mara nyingi mama anaambiwa tu kwamba mgonjwa amezidiwa, twende nyumbani kwanza. Akifika akakuta watu wamekaa mikekani, anaelewa. Sisi wauguzi tulikuwa tunauheshimu utaratibu huo, na ukweli ni kwamba ulitupunguzia kazi ngumu.

Yule kijana alikuwa mkata miwa. Wenzake wa shambani walimleta amevimba uso na miguu, figo zimekataa. Mama yake alikuja kutoka Mchombe, akafikia kwa jamaa yake Kibaoni. Kila siku saa sita kamili, muda wa kuona wagonjwa ukifunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni, na chupa ya chai iliyojaa uji ameifunga kwa kitenge isipoteze moto. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi. Kitanda cha jirani alilala mzee wa Kisukuma aliyevunjika mguu, mfugaji ambaye watu wake walikuwa mbali wakichunga mifugo. Hawa wawili walitaniana mpaka muda uishe.

"Wewe mzee wa ng'ombe, hata uji hujui kunywa. Unaunywa kama unanywesha ndama."

"Uji wenyewe wa mpunga wa maji ya mto, mama. Namtafuta samaki humu ndani."

Kijana alikuwa akicheka, akishika mbavu.

Siku hiyo, wakati wa masika, kijana alifariki saa tano na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa mkuu wa zamu. Daktari alikuja, akathibitisha, akaondoka kwenda chumba cha upasuaji. Nikampigia mjomba mtu, ambaye namba yake ilikuwa kwenye faili. Alikuwa Mchombe.

"Nakuja sasa hivi," alisema. "Dada yangu msimwambie. Msimwambie kabisa mpaka nifike."

Nikamhudumia marehemu kama inavyotakiwa. Nilimfuta uso, nikamfumba macho, nikamfunga taya kwa bandeji. Ili kupitisha bandeji niliweka kiganja changu chini ya shingo yake. Palikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kuamshwa. Nalikumbuka kwa sababu nilishtuka kidogo, ingawa nilikuwa nimefanya kazi hiyo mara nyingi. Kisha tukamhamishia chumba cha pembeni, ambako miili husubiri kabla ya kupelekwa mochwari. Mhudumu akatoa shuka, akapangusa godoro kwa dawa. Saa sita ilikuta kitanda kikiwa kitupu na safi.

Mama akaingia.

"Shikamoo mama," nikasema, kama kila siku.

"Marahaba, dokta. Mwanangu yuko wapi?"

Wagonjwa wote tisa wa wodi ile walikuwa wameona. Hakuna aliyeinua macho.

"Amepelekwa kipimo, mama."

"Kipimo gani tena?"

"Cha picha. Ultrasaundi."

Alishusha pumzi. "Afadhali. Nilikuwa nasema hawamshughulikii. Kumbe leo mmeamua." Akaketi kwenye ukingo wa kile kitanda kitupu, chupa mapajani. Chumba cha pembeni kilikuwa nyuma yake, hatua kumi. Nilizihesabu baadaye.

Nilirudi mezani kuandika. Nilijiambia mjomba angefika saa saba. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, lakini sikulipa jambo hilo uzito. Kanuni ilikuwa inafuatwa, na mama alikuwa ametulia. Niliona nimelimudu jambo vizuri. Nasikitika kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyoona.

Baada ya kama nusu saa akasema, "Huu uji utapoa. Mzee wa ng'ombe, lete kikombe."

Mzee akatikisa kichwa. "Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, huna mtu wa kukuletea? Dokta, si anaruhusiwa?"

Nikasema anaruhusiwa.

Akamimina. Mzee alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiangalia.

"Leo umekatwa ulimi?" mama alimwambia. "Husemi samaki, husemi mto. Kunywa basi."

Mzee akanywa. Uji ukamdondokea kwenye shuka, naye hakuufuta. Mama akamwangalia, kisha akanigeukia mimi, na nikaona swali linaanza usoni mwake. Niliogopa lile swali. Nikasema, kwa sauti ya utani ambayo kwa kawaida si yangu:

"Mzee, usimalize wote. Mwenye uji akirudi atakuchapa."

Mama akacheka. Alicheka kwa nguvu, akapiga paja lake, akasema, "Mwambie, dokta! Mwambie!"

Katika miaka yote ya kazi sijasema sentensi nyingine ninayotamani kuipigia mstari kama hiyo. Uongo wa kipimo ningeweza kuutetea mbele ya mtu yeyote, kwani mjomba ndiye aliyeuomba. Huu wa pili hakuuomba mtu.

Muda wa kuona wagonjwa ulipoisha nilimwomba asubiri kwenye benchi nje. Alitoka bila kusumbua. Saa saba na nusu, kwa utaratibu, machela ilipita mlango wa nyuma na kijana akapelekwa mochwari. Nikaandika saa.

Saa nane iliingia zamu ya mchana. Aliyenipokea alikuwa sista mdogo kwangu kwa miaka zaidi ya kumi na tano, mkimya, niliyemwona mzembe kidogo kwa sababu daftari hakuwa nalo. Nilimkabidhi kitanda kwa kitanda. Tulipofika kwenye kile kitupu nikamweleza.

"Mama yake yuko wapi?" akauliza.

"Nje kwenye benchi. Namsubiri mjomba."

"Amekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Alifika saa sita."

Aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. "Kaka, na mjomba asipofika?"

Sikuwa na kanuni ya hilo.

Akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni. Hakumwita mama ofisini. Aliketi naye kwenye benchi, bega kwa bega, akamshika mkono, akaegemea ukuta kama mtu aliyekuja tu kupumzika. Kisha akasema polepole, "Mama, nina habari mbaya. Kijana wako amefariki." Hakusema amezidiwa, wala hali imebadilika. Alisema neno lenyewe, akaacha likae.

Mama hakukimbia. Hakuanguka. Alimwegemea yule binti, akatoa sauti ndogo isiyokatika, na chupa ikabingirika chini ya benchi. Sista alimshikilia hivyo muda mrefu. Zamu yake ilikuwa imeanza, dawa za saa nane zilikuwa zinangoja, na mimi, ambaye zamu yangu ilikuwa imekwisha, nilirudi ndani nikazigawa. Lilikuwa jambo pekee nililoweza kufanya lenye faida. Alipomaliza kulia, sista alimwosha uso, akampeleka mwenyewe mochwari. Waliporudi aliinama, akaiokota ile chupa, akaiosha kabla ya kumpa.

Mjomba alifika saa tisa, suruali imejaa tope hadi magotini. Nikamkabidhi karatasi ya kifo, niliyokuwa nimeiandaa kwa mwandiko wangu mzuri. Akaisoma kwa sauti kwa ajili ya dada yake, jina, umri, sababu, halafu: "Saa tano na dakika kumi asubuhi."

Mama akainua kichwa. "Saa tano? Mimi nilifika saa sita."

Mjomba akaikunja karatasi.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo. "Dokta. Nilipofika na uji, mwanangu alikuwa bado na joto?"

Kiganja changu kilijua jibu. Sista alikuwa amesimama pale, mjomba pia. Kusema ndiyo kulikuwa kusema kwamba mtoto alikuwa hatua kumi kutoka kwake, kwamba angeweza kumshika, na kwamba mimi nilimketisha acheke.

"Hapana, mama," nikasema. "Alikuwa ameshapoa."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi," akasema. "Kule nimeshika barafu. Nilitaka nimshike na joto lake, hilo tu." Wakaondoka.

Sista alinitazama. Naye ni muuguzi. Anajua mwili unachukua muda gani kupoa. Akarudi kwa wagonjwa. Kesho yake, wakati wa kukabidhiana, aliniamkia kama kawaida, na ule uungwana wake ulinichoma kuliko kama angenishtaki.

Wiki ile ile nililifungua daftari, nikapiga mstari mmoja juu ya kanuni ya kumi na moja, nikaandika tarehe na kutia sahihi. Sikuandika nyingine badala yake. Nilijaribu mara kadhaa kuandika alichokifanya yule sista, lakini kila nilipokiandika kilikuwa kifupi mno: aliketi, alishika mkono, alisema neno. Tangu hapo nimeketi kwenye benchi lile na watu wengi. Wengine wanalia, wengine wanatukana, mmoja alinipiga kofi. Hakuna aliyeanguka ngazini.

Lakini jibu langu kwa yule mama lilibaki lilivyo. Lilibaki misimu miwili ya mavuno.

Mwaka jana nilichukua siku yangu ya mapumziko nikaenda Mchombe. Niliuliza nikaelekezwa. Nilimkuta uani anapepeta mpunga, makapi yakimshika kwenye nywele. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Dokta wa kalamu," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Umeletwa na nini huku?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yenye mwanzo na mwisho. Nilipoketi kwenye kigoda yote yakanitoka. "Mama, ulipofika na uji siku ile, alikuwa na joto. Nilikudanganya."

Ungo ulisimama hewani, kisha ukaendelea.

"Najua," akasema. "Mzee wa ng'ombe aliniambia jioni ile ile, nilipokwenda kumuaga. Alisema mlimpitisha mbele yake kwenda chumba cha pembeni hata saa moja haijapita tangu akate roho. Alilia yule mzee. Alisema uji wangu aliunywa kwa woga, akikuogopa wewe."

Kwa hiyo kwa misimu yote miwili alikuwa anajua. Jambo nililovuka nalo bonde zima lilishafika kabla yangu, na kitu pekee kilichokuwa kimekosekana ni mimi kulisema.

Aliweka ungo chini. "Wewe ulimshika wapi?"

Nikamwonesha kwenye mwili wangu mwenyewe. Niliweka kiganja nyuma ya shingo, chini ya nywele.

"Ukaliona joto."

"Ndiyo, mama. Kama mtu aliyetoka kuamshwa."

Aliuangalia mkono wangu ukiwa bado pale shingoni. Aliuangalia muda mrefu, na sikuthubutu kuushusha.

"Mkono huo," akasema, "ulikuwa uwe wangu."

Kisha akachota mpunga mwingine kwenye gunia, akaujaza ungo, akarudi kupepeta. Nilikaa mpaka gunia likaisha, nikaaga, akaitikia. Sikumwomba msamaha, maana ningekuwa namwomba kitu kingine tena.